Deki ya Kurekodi DVD ya Bei Nafuu: Namna ya Kuichagua, Kuitumia na Kuirekebisha Inapogoma

Katika nyumba nyingi za Pwani na bara, chini ya kabati au ndani ya sanduku la chuma, zimelala kanda za VHS za harusi, maulidi, ubatizo na mazishi ya miaka ya 1980 na 1990. Kanda hizo hazitazamwi tena kwa sababu deki ya kuzichezea imekufa au televisheni mpya haijawahi kuunganishwa nayo. Deki ya kurekodi DVD, yaani ile inayoandika picha kwenye diski na si kuisoma tu, ndiyo njia ya gharama ndogo ya kuziokoa bila kuhitaji kompyuta yenye nguvu wala utaalamu mkubwa. Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya kazi hiyo hasa, kwa kuwa kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho inayojulikana kutengeneza deki za VHS, iliacha kuzitengeneza Julai 2016. Anayesubiri zaidi atakuta hata deki ya kuchezea kanda haipatikani.

Kuichagua

Deki hizi leo hupatikana zaidi mitumba, kutoka Ulaya, Ghuba, Japani au Marekani, na nchi ilikotoka ndiyo jambo la kwanza la kuuliza. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Ikiwa imeandikwa volti 100 ni ya Japani, na ikiwa volti 120 ni ya Marekani. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 itaungua papo hapo. Transfoma ya kushusha umeme inaweza kutatua hilo, lakini haitatui tatizo la pili, kwamba mashine za nchi hizo zimeundwa kwa mfumo wa picha wa NTSC wenye mistari 525, ilhali kanda zetu nyingi zilirekodiwa kwa PAL yenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Deki inayofahamu NTSC pekee itakupa picha inayopanda na kushuka, au isiyo na rangi, au itakataa kabisa kurekodi. Kwa hiyo tafuta iliyotoka Ulaya au Ghuba, na uone neno PAL kwa macho yako kabla ya kulipa.

Muuzaji akikusifia kwamba deki ina tundu la antena na inaweza kurekodi vipindi yenyewe, usiongeze hata shilingi moja kwa sifa hiyo. Kipokezi kilichomo katika deki nyingi za bei nafuu ni cha analojia, na Tanzania ilianza kuzima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012 kuanzia Dar es Salaam, huku Kenya ikimaliza zoezi hilo mwaka 2015. Utarekodi televisheni kupitia king'amuzi kwa waya wa AV, yaani ule wenye vichwa vya njano, nyeupe na nyekundu, sawasawa na unavyorekodi kutoka deki ya kanda.

Lililo na thamani kubwa kuliko linavyoonekana ni rimoti ya asili. Mashine nyingi za bei ya chini zina vitufe vinne au vitano tu usoni, na menyu ya kufunga diski, ambayo nitaieleza kwa kirefu hapa chini, haifikiki bila rimoti. Rimoti za jumla zinazouzwa sokoni huwasha, huzima na huchezesha, lakini mara nyingi hazina kitufe cha kuingilia menyu hiyo. Deki isiyo na rimoti yake naihesabu kuwa nusu deki, hata ikiwa safi kama mpya.

Nenda dukani na diski mbili tupu, waya wako wa AV na kitu chochote kinachotoa picha, hata kamera ndogo ya zamani. Rekodi dakika tano, funga diski, kisha omba ichezwe kwenye mashine nyingine palepale dukani. Deki kucheza filamu vizuri si ushahidi kwamba inaweza kurekodi, kwa sababu leza huhitaji nguvu kubwa zaidi inapoandika kuliko inaposoma, na ndiyo maana mashine nyingi zilizochoka bado husoma vizuri huku zikiwa hazina tena uwezo wa kuandika.

Diski na viwango vya ubora

Diski ya kawaida ya tabaka moja hubeba GB 4.7. Kuna zenye alama ya kutoa, DVD-R na DVD-RW, na zenye alama ya kujumlisha, DVD+R na DVD+RW. Herufi R pekee humaanisha diski huandikwa mara moja, na RW humaanisha hufutika na kuandikwa tena. Angalia nembo zilizochapwa usoni mwa deki yako ujue inakubali ipi, kwani baadhi ya deki za zamani hukubali upande mmoja tu. Kwa majaribio tumia RW, na kwa kumbukumbu unayotaka idumu tumia R ya chapa inayoaminika. Diski za rundo zisizo na jina zimenipotezea kanda nyingi na jioni nyingi, nami sizishauri kwa kazi ya familia. Jihadhari pia na kasi iliyoandikwa juu ya diski: deki iliyotengenezwa zamani inaweza kushindwa kuitambua diski ya kasi ya 16x ilhali inaipokea ya 8x bila shida.

Kwenye menyu utaona viwango vya kurekodi. HQ, au XP katika mashine nyingine, huijaza diski kwa saa moja; SP kwa saa mbili; LP kwa saa nne; na EP kwa saa sita, pengine nane. Kwa kanda za VHS, SP inatosha kabisa. HQ haiwezi kuongeza uangavu ambao kanda haikuwa nao tangu mwanzo, na LP huanza kuharibu picha mahali penye mwendo, kama vile watu wanapocheza ngoma au bibi harusi anapopita katikati ya umati uliovaa nguo za maua. Kanda ya E-180, ambayo ni ya saa tatu, igawe katika diski mbili za SP kuliko kuibana katika diski moja ya LP.

Kuunganisha na kuandaa

Zima mashine zote kwanza. Toa waya kwenye matundu ya kutolea ya deki ya kanda, yaliyoandikwa OUT, uingize kwenye matundu ya kupokea ya deki ya kurekodi, yaliyoandikwa IN: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Ikiwa deki ya kanda ni ya zamani na ina tundu moja tu la sauti, tumia kiungo cha kugawa ili sauti iende nyeupe na nyekundu kwa pamoja, vinginevyo diski itasikika spika ya upande mmoja maisha yake yote. Kisha toa waya mwingine kutoka deki ya kurekodi kwenda kwenye televisheni. Kosa linalonipigiwa simu mara kwa mara kuliko yote ni mtu kuchomeka OUT kwenye OUT na kungoja picha.

Washa, kisha chagua kwa rimoti mlango unaotumia. Matundu ya mbele na ya nyuma huwa na majina tofauti, kama L1 na L2 au AV1 na AV2, na deki haitafuti yenyewe. Ingia kwenye mipangilio, weka mfumo wa picha kuwa PAL, na urekebishe saa na tarehe. Saa inayomweka sifuri haizuii kurekodi kwa mkono, lakini inaua kabisa kurekodi kwa kupanga muda, na kila umeme unapokatika kwa muda mrefu huenda ukalazimika kuiweka upya.

Kabla kanda haijaingia mahali popote, isogeze kwenye mwanga na uangalie kupitia kidirisha chake. Hewa ya Tanga, Mombasa na Unguja ina unyevu, na unyevu huo huleta ukungu. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe uliojiviringa, usiicheze, maana unga huo utahamia kwenye vichwa vya kusomea na kuziambukiza kanda zote zitakazofuata. Iweke kando, asafishe fundi anayeifahamu kazi hiyo. Kanda isiyo na ukungu ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe mwanzo mara moja, kwa sababu utepe uliokaa miaka ishirini bila kusogea hushikana, na ni afadhali ujiachie kabla ya kurekodi kuliko kuvutika katikati ya kazi. Cheza dakika chache, rekebisha trakingi, yaani namna vichwa vinavyoufuata utepe, mpaka mistari ya chengachenga iliyo chini ya picha ipungue, kisha rudisha.

Kurekodi na kufunga diski

Anza kurekodi kwanza, subiri sekunde kumi, ndipo uchezeshe kanda, kwa kuwa deki huchelewa kidogo kuanza kuandika na sekunde za mwanzo ndizo mara nyingi zenye jina la shughuli na tarehe. Usisogeze meza wala usiweke kitu juu ya mashine. Kanda inapokwisha, bonyeza kusimamisha na uache. Deki itaonyesha kwamba inaandika orodha yake, na katika dakika hiyo moja kukata umeme ni sawa na kuchana ukurasa wa yaliyomo ukiwa bado unaandikwa. Kwa nyumba ambayo umeme hukatika bila taarifa, UPS ndogo ya kompyuta, yaani betri inayoshika umeme unapokatika, inayotosha deki mbili na televisheni ndiyo kifaa ninachokipa kipaumbele kuliko waya wa bei ghali.

Sasa kufunga diski. Kwenye menyu hatua hii huandikwa Finalize, nayo humaanisha deki inakamilisha orodha ya yaliyomo kwa namna ambayo mashine nyingine zinaweza kuisoma. Kabla ya hapo diski huchezeka kwenye deki iliyoirekodi tu. Siku moja nilimrekodia shangazi harusi ya binti yake wa kwanza, nikaitazama diski mwanzo hadi mwisho kwenye deki yangu, nikaridhika, nikaizungushia karatasi ya zawadi, naye akasafiri nayo kurudi Maskati. Baada ya wiki akanipigia: "Mwanangu, hii diski uliyonipa haina kitu." Aliiweka kwenye deki yake, kisha ya jirani, kisha kwenye gari la mwanawe, kote yakatokea maneno yale yale, hakuna diski. Sikuwa nimeifunga. Ilibidi isubiri msafiri, na iliporudi Tanga baada ya miezi minane, nilibonyeza vitufe vitatu, nikangoja dakika nne, ikawa imekamilika. Ukimya wa shangazi yangu kwenye simu ile sijausahau, na tangu siku hiyo siandiki jina juu ya diski kabla sijaifunga. Jina likiwepo, diski imefungwa.

Kufunga huchukua dakika chache, na diski yenye nafasi tupu nyingi inaweza kuchukua muda mrefu zaidi. DVD-R iliyofungwa haiongezwi tena kitu. DVD-RW unaweza kuifungua upya kwenye menyu hiyo hiyo, na DVD+RW mara nyingi huchezeka kwingine bila kufungwa, ingawa si kwenye kila mashine. Diski uliyoirekodi nyumbani haina alama ya eneo la dunia (region code) inayozuia diski kuchezwa nje ya eneo lake, kwa hiyo ile ya Mombasa itacheza London au Toronto bila kizuizi hicho, ilimradi deki au televisheni ya huko inakubali PAL.

Inapogoma

Deki ikisema hakuna diski au diski ina hitilafu, jaribu kwanza diski ya chapa tofauti, maana mara nyingi kosa liko kwenye diski. Ikikataa zote, weka CD ya muziki. Kusoma CD hutumia leza ya nanomita 780 na DVD hutumia ya nanomita 650, kwa hiyo mashine inayocheza CD vizuri lakini haioni DVD yoyote inaelekea kuwa leza yake ya DVD imechoka, ilhali inayokataa zote mbili huenda ina vumbi tu kwenye lenzi, au mota haizungushi. Kusafisha lenzi, chomoa umeme, fungua kifuniko cha juu, kisha kile cha sehemu ya diski, loanisha kidogo kijiti cha pamba kwa spiriti safi ya isopropili, upanguse kwa mguso mwepesi wa mviringo na uache ikauke. Spiriti ya taa yenye rangi usiitumie, huacha utando. Lenzi imening'inia kwenye nyaya nyembamba kama unywele, ukiikandamiza umeimaliza.

Ikisoma kila kitu lakini kila jaribio la kuandika linakwama dakika za mwanzo, na diski nzuri tatu tofauti zimeshindwa, sehemu ya kuandikia imefika mwisho. Watu hutoa sehemu ya DVD ya kompyuta ya zamani na kuipachika kwa kuwa tundu linafanana, lakini baadhi ya deki hukubali tu ile yenye programu yake maalumu. Njia ya uhakika ni kununua deki nyingine mbovu ya modeli hiyo hiyo na kuifanya spea.

Deki ikisimama yenyewe na kudai kwamba kinachorekodiwa kimelindwa, fahamu kwamba kanda za filamu za kampuni zilitiwa alama ya kuzuia kunakiliwa, na deki hutii alama hiyo. Kinachowasumbua watu ni kwamba kanda ya nyumbani iliyochakaa nayo huweza kutoa mtikisiko unaofanana na alama hiyo. Safisha vichwa vya deki ya kanda, rekebisha trakingi upya, au ichezee kwenye deki nyingine ya VHS iliyo na afya zaidi. Mara nyingi mtikisiko hupungua na kurekodi kunaendelea. Isipokuwa hivyo, kuna kifaa kinachowekwa kati ya deki mbili kinachonyoosha mpigo wa picha, kiitwacho TBC, lakini bei yake huizidi deki yenyewe, na kwa kanda mbili tatu ni afadhali kuazima.

Picha ikiwa nyeusi na nyeupe, kagua mfumo wa picha kwenye mipangilio kabla ya kugusa waya. Sauti ikiunguruma kama nyuki, chomeka mashine zote kwenye soketi moja ya kugawia umeme na uchomoe waya wa antena. Picha ikiwa na miraba na kugandaganda sehemu ya mwisho tu ya diski, tatizo ni ubora wa diski au joto. Angalia kama feni ya nyuma inazunguka na kama imefunikwa na vumbi au kitambaa cha mezani.

Sinia isiyotoka nje huwa na sababu ndogo: mkanda wa mpira unaoisukuma umelegea kwa joto na umri. Ukiisikia mota ikihema na sinia haisogei, ni huo. Fundi huuondoa, huuosha mafuta kwa spiriti, na kama umelegea kabisa huweka mwingine wenye kipenyo kidogo kidogo kuliko huo.

Mashine isiyowaka, au inayowaka na kubaki kwenye neno la kukaribisha bila kusonga, au inayotoa sauti ya tiki-tiki kwa mpangilio, mara nyingi ina kapasita, yaani vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, zilizokufa kwenye bodi ya umeme. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Iliyokufa juu imevimba kama kitumbua, na wakati mwingine imetokwa na maji ya kahawia. Hubadilishwa kwa zenye maikrofaradi zile zile, volti zile zile au zaidi, na zinazostahimili joto la nyuzi 105. Ni kazi ya bei ndogo, nayo imefufua deki nyingi zilizokwisha kupelekwa jalalani. Lakini upande wa umeme mkubwa una kapasita moja nene inayobeba zaidi ya volti 300, na hubaki na umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa. Asiyekuwa na mita na mazoea ya kuifyonza ampelekee fundi. Hapa simung'unyi maneno, kwa sababu mshtuko wake huua.

Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, usiitoe diski wala usiijaribu kwingine. Irudishie mashine umeme na uiache; nyingi hujaribu zenyewe kurekebisha orodha iliyokatika. Ikifaulu, funga diski mara moja hata kama haijajaa. Ikishindwa, au deki yenyewe ikifa ikiwa na diski usizozifunga, programu ya kompyuta iitwayo IsoBuster inaweza kusoma diski ambazo hazijafungwa na kutoa picha zilizomo.

Baada ya diski

Tengeneza nakala ya pili ya kila diski siku ile ile, na uipeleke kwenye kompyuta. Ndani yake utakuta folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB, kila moja lisilozidi GB 1. Nakili folda nzima kwenye diski ngumu ya nje, nayo itachezeka kwa programu ya VLC, au uibadilishe kwa programu ya HandBrake iwe faili moja la kutumiwa simuni. Juu ya diski andika kwa kalamu laini ya wino wa maji, karibu na tundu la katikati, na usibandike karatasi, kwa kuwa gundi huvuta na uzito wake huifanya diski itikisike ikizunguka. Iweke kwenye kasha lake mbali na dirisha, maana mwanga wa jua huharibu rangi inayobeba maandishi.

Kanda yenyewe usiitupe. Irudishe mpaka mwanzo ili utepe ujikusanye upande mmoja, uisimamishe wima kama kitabu ndani ya kasha, na kwenye ubavu wake uandike namba ya diski yenye picha zake.